Walioutafuta Mzizi wa Saratani

Ugonjwa wa saratani una jina la mnyama. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ni kaa, yule yule kaa wa ufukweni atembeaye upande upande. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa katika lugha yao, na Warumi wakafanya vivyo hivyo. Jina la Kirumi likawafikia Waingereza, na kwao sisi tukapata neno la pili, kansa. Yasemekana kwamba waganga wa zamani waliona uvimbe mgumu wenye mishipa iliyotanda kando kando yake mithili ya miguu, wakamkumbuka kaa.

Huyu kaa ameua watu wengi. Mwaka 2022 watu karibu milioni 9.7 walikufa duniani kwa saratani za kila namna. Saratani ya mapafu peke yake iliua watu milioni 1.8, nayo ndiyo iliyotangulia zote. Nyuma yake zilifuata ya utumbo mpana, ya ini, ya matiti na ya tumbo. Katika Kenya safu hiyo imepangwa vingine. Kwetu hapa saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio ndizo zionekanazo sana, na watu zaidi ya 25,000 hufa kila mwaka kwa saratani mbalimbali.

Msomaji, hesabu kama hizi ni rahisi kuzisoma na ni rahisi kuzisahau. Mimi mwenyewe nilizisoma miaka mingi bila ya kushtuka, hata siku ile nilipomsindikiza mjomba wangu hospitali. Mjomba alikuwa mkulima katika kaunti ya Bomet, mtu wa miraba minne. Kwanza ugali ulianza kumkwama kooni. Baadaye akawa hawezi kumeza ila uji, na mwishowe hata uji ulimuumiza. Tulipokuwa tukingoja zamu yetu, alitujia msichana mmoja mwenye karatasi nyingi akaanza kumwuliza maswali. Umezaliwa wapi? Maji ya kunywa mlikuwa mkiteka wapi? Jikoni mwapika kwa kuni za namna gani, na moshi hutokea wapi? Wavuta tumbaku, au waitafuna? Pombe je? Mursik wanywa mara ngapi kwa juma? Chai wainywa ikiwa moto kiasi gani? Mjomba alivumilia kwa muda, kisha akanigeukia kwa hasira. “Mwalimu,” akasema, “mwambie huyu binti kwamba nimekuja kutibiwa. Sikuja kuhojiwa kama mwizi wa ng'ombe.”

Wakati ule sikuwa na jibu la haraka. Jibu nilimpa tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, nalo ndilo ninalokuandikia hapa, ingawa kwa urefu zaidi kuliko nilivyomwambia yeye.

Kwa karne nyingi watu hawakujishughulisha kuuliza saratani yatoka wapi, kwa sababu walidhani wanajua. Galen, tabibu mashuhuri wa dola ya Warumi, alifundisha kwamba ugonjwa huu huletwa na wingi wa nyongo nyeusi mwilini, na mafundisho hayo yalishikwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Ikiwa ugonjwa watoka katika nyongo ya mtu mwenyewe, hakuna haja ya kumwuliza afanya kazi gani wala aishi wapi.

Aliyeuliza swali hilo alikuwa Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Katika siku zake Waingereza waliota moto wa makaa ya mawe, na moshi wa makaa ulipanda kwa dohani nyembamba zilizopinda-pinda ndani ya kuta. Dohani hizo zilijaa masizi, na mtu mzima hakuweza kupita ndani yake. Basi mabwana wa kazi hiyo walichukua watoto wadogo, wengi wao mayatima, wengine wa miaka mitano au sita tu, wakawapandisha humo wakwangue masizi. Mara nyingi walipanda uchi, ili nguo zisikwame. Masizi yalikaa katika mikunjo ya ngozi yao siku nenda siku rudi, na kuoga kwao kulikuwa kwa nadra. Walipokuwa vijana, wengi wao walitokwa na kidonda katika ngozi ya mfuko wa korodani, kidonda kisichopona. Watu walidhani ni ugonjwa wa zinaa, wakawatibu kwa zebaki. Mwaka 1775 Pott aliandika kwamba hii ni saratani, na kwamba mzizi wake ni masizi ya dohani.

Pott hakuwa na chombo chochote cha ajabu. Alichokuwa nacho ni jicho lililotambua kwamba wagonjwa wa namna moja walikuwa watu wa kazi moja. Walakini kujua si kutenda. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumia watoto walio chini ya miaka minane, na haikutiiwa. Sheria ya mwaka 1840 ilikataza mtu yeyote chini ya miaka 21 asipande dohani, nayo ikadharauliwa, kwa maana matajiri waliogopa kwamba mswaki mrefu ungechafua mazulia yao. Hata mwaka 1875, baada ya mtoto mmoja zaidi kufa kwa kupanda dohani, ndipo ilipotoka sheria yenye meno. Tangu Pott aandike hata siku hiyo ni miaka 100 kamili. Nakuomba, msomaji, uiweke akilini hesabu hiyo, maana tutaihitaji tena.

Tendo la pili lilifanywa na Wajapani. Mjini Tokyo, Yamagiwa Katsusaburo na msaidizi wake Ichikawa Koichi walipaka lami ya makaa ya mawe juu ya masikio ya sungura, wakarudia tena na tena kwa miezi mingi. Wengine waliojaribu kabla yao walichoka upesi. Wao hawakuchoka, na mwaka 1915 walitangaza kwamba saratani imeota katika masikio yale. Baadaye wataalamu wa Uingereza waliichuja lami hiyo wakapata ndani yake kitu kiitwacho benzopaireni, chenye nguvu ya kuzusha saratani. Kitu hicho hicho kimo katika moshi wa tumbaku.

Sasa twaja kwenye sigara, na hapa sina budi kukaa zaidi. Mwanzoni watu walivuta tumbaku kwa kiko, au waliinusa, au waliitafuna. Sigara zilisokotwa kwa mkono nazo zilikuwa chache. Mwaka 1880 kijana mmoja wa Marekani, James Bonsack, alibuni mashine iliyoweza kusokota sigara 120,000 kwa siku. Kisha vikaja vita vya kwanza vya dunia, na askari wakapewa sigara pamoja na posho yao. Wakati huo saratani ya mapafu ilikuwa karibu haijulikani. Mwaka 1912 Isaac Adler, daktari wa New York, alipoandika kitabu juu yake, aliihesabu miongoni mwa magonjwa ya nadra kabisa.

Haikukaa nadra. Katika nchi za England na Wales peke yake, watu waliokufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1922 walikuwa 612. Mwaka 1947 walikuwa 9,287. Hesabu imezidi mara 15 katika muda wa miaka 25. Jambo gani limetokea? Wengi walishuku moshi wa magari, wengine vumbi la lami iliyomwagwa katika barabara mpya. Wachache waliishuku sigara, lakini wanaume wa Uingereza walio wengi sana walivuta, na jambo lifanywalo na karibu kila mtu ni vigumu kuliona.

Kazi ya kulichunguza jambo hilo walipewa watu wawili. Austin Bradford Hill hakuwa daktari: kifua kikuu kilichompata katika vita ya kwanza kilimzuia kusoma udaktari, akawa bingwa wa takwimu. Mwenzake, Richard Doll, alikuwa daktari kijana na mvutaji sigara, naye alidhani lami ya barabarani ndiyo itakayopatikana na hatia. Walipeleka wahoji katika hospitali 20 za London wakiwa na karatasi za maswali. Kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu walimtafuta mgonjwa mwingine wa umri huo huo, mwenye maradhi mengine, wakamwuliza maswali yale yale. Mwaka 1950 walitoa matokeo. Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta kabisa walikuwa wawili tu. Katika wanaume 649 wenye maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Na kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi kwa siku, ndivyo hatari yake ilivyozidi.

Kuna jambo dogo katika kazi ile ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Baadhi ya watu waliohojiwa kama wagonjwa wa saratani ya mapafu walionekana baadaye kuwa hawana saratani hiyo. Madaktari walikuwa wamekosea. Basi Hill na Doll waliwatenga, wakazitazama karatasi zao. Uvutaji wao ulifanana na wa wagonjwa wa maradhi mengine, haukufanana na wa wagonjwa wa saratani. Kama wahoji wangekuwa wamependelea majibu fulani, kosa lingejionyesha hapo. Doll alikwisha kuacha sigara kabla kazi yao haijapigwa chapa.

Mwaka huo huo, 1950, mwanafunzi wa udaktari wa Marekani aitwaye Ernst Wynder alipata jibu lile lile. Mwalimu wake alikuwa Evarts Graham, mpasuaji mkuu, ambaye mwaka 1933 alikuwa mtu wa kwanza kufaulu kuondoa pafu zima lenye saratani; mgonjwa yule alipona akaishi. Graham alikuwa mvutaji sana. Hapo awali hakusadiki maneno ya mwanafunzi wake, walakini alimruhusu ahesabu, na hesabu ilipotimia alitia sahihi pamoja naye, akaacha kuvuta. Lakini alikwisha kuvuta kwa miaka mingi mno. Mwaka 1957 Graham alikufa kwa saratani ya mapafu, na yule mgonjwa aliyemwondolea pafu alikuwa angali hai.

Wenye viwanda vya sigara hawakunyamaza. Januari 1954 walitoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani, wakisema kwamba hakuna ushahidi ulio wazi, na kwamba wao wenyewe watagharimia uchunguzi. Hawakuhitaji kumshinda Doll. Iliwatosha kuwafanya watu waseme, “Wataalamu bado wanabishana.” Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi kwamba sigara huleta saratani ya mapafu. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ilitungwa mwaka 2007. Tangu 1950 hata 2007 ni miaka 57. Tumewapita Waingereza wa dohani, lakini si kwa mbali. Sheria hiyo yakataza kuuza sigara moja moja, na yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Wewe msomaji wajua kuliko mimi kama katika kioski kilicho karibu na shule yenu sigara haziuzwi moja moja.

Doll hakuishia hapo. Mwaka 1951 yeye na Hill waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza wakawauliza juu ya uvutaji wao, na zaidi ya 40,000 wakajibu. Kisha wakangoja, wakaandika kila aliyekufa na alivyokufa. Walifuatana na wanaume wa kundi hilo kwa miaka 50. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2004, Doll akiwa mzee wa miaka 91: waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa miaka 10 hivi kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia miaka 3. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alijirudishia karibu yote 10. Hesabu hii yakuhusu wewe kuliko mjomba wangu, maana wavutaji wengi huanza katika umri wako.

Safari nyingine ya kuutafuta mzizi wa saratani ilianzia karibu na kwetu, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, aliitwa kumtazama mtoto ambaye taya zake zimevimba pande zote. Baada ya muda mfupi akaona mtoto wa pili mwenye uvimbe kama ule. Alitazama vitabu vya hospitali, akawakuta wengine. Ndipo alipopeleka picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, na kila jibu lililokuja aliliweka alama katika ramani. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, alisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, maili 10,000 kwa majuma 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Iligunduliwa kwamba ugonjwa huo wapatikana mahali penye joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi hazina. Ramani yake ilikaribia kulingana na ramani ya malaria, na sasa tunajua kwamba malaria ina sehemu yake katika ugonjwa huo. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, aliomba apelekewe vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 Epstein na wenzake waliona ndani yake kirusi. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa chahusika na saratani ya binadamu, na watoto wa Uganda ndio waliokionyesha.

Mlango huo ulipofunguka, mambo makubwa yaliingia. Harald zur Hausen wa Ujerumani aliwapinga wengi waliodhani saratani ya mlango wa kizazi yaletwa na kirusi cha namna nyingine. Mwaka 1983 alionyesha mhalifu wa kweli, kirusi cha papiloma, ambacho huambukizwa kwa kukutana kimwili. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 2006. Katika Kenya saratani hii huua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka, na serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwezi Oktoba 2019. Wasichana wale wa kwanza sasa wamo katika shule za sekondari. Huenda wewe u mmoja wao. Mama zao hawakupata chanjo hiyo, walakini wao waweza kupimwa. Muuguzi hupaka siki juu ya mlango wa kizazi, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Panaweza kutibiwa kabla hapajawa saratani.

Saratani ya ini nayo ina kirusi chake, kile cha homa ya ini ya aina ya B, na watoto wachanga wa Kenya huchanjwa dhidi yake tangu mwaka 2001. Pombe nyingi huchangia. Tena ina rafiki mwingine aliyejulikana kwa vifo vya bata mzinga. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na ikaonekana kwamba chakula chao cha njugu kilikuwa na sumu ya kuvu. Sumukuvu hiyo huota katika mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu, na mtu aliyeila kidogo kidogo kwa miaka mingi ini lake limo hatarini. Ikiwa nyingi huua upesi: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui.

Za matiti, tezi dume na utumbo mpana sitaziandikia mengi, kwa sababu hazina mhalifu mmoja wa kushikwa mkono. Umri, urithi wa ukoo, unene, pombe na kutoushughulisha mwili vyote vina sehemu yake, kila kimoja kwa kiasi chake.

Imebaki ile ya umio, iliyomshika mjomba. Tumbaku na pombe kali zajulikana kuwa marafiki zake tangu zamani. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto kupita digrii 65 yaelekea huchangia. Lakini katika Bonde la Ufa la magharibi ugonjwa huu ni mwingi kuliko mambo hayo yanavyoweza kueleza, na madaktari wa hospitali ya Tenwek wameandika juu ya wagonjwa wasiofikisha hata miaka 30. Huko hakuna Pott aliyekwisha kunyosha kidole akasema, “Ni hiki.” Kazi ingali katika karatasi za maswali.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjomba, nikifupisha. Alinisikiliza kimya mpaka tulipofika nyumbani. Tuliporudi hospitali juma la pili, yeye mwenyewe alimtafuta yule msichana, akaketi karibu naye, akajibu maswali yote tangu mwanzo kwa sauti iliyokwisha kuwa nyembamba. Chai? Ya kuunguza ulimi, tangu utotoni. Kuni? Za mti wowote, na jiko halina dirisha. Kisha akauliza kama karatasi ile ina mahali pa kuandika kwamba mama yake naye alikufa hivi hivi, kwa kushindwa kumeza, mwaka ambao watu hawakuwa na jina la ugonjwa huo. Msichana akafunua ukurasa wa pili, akaandika.